Huyu mama wa masjala pale Tabora ipo siku tutazikana (uzi wa hasira, asiniambie mtu nitulie)

Wakuu nimetoka pale sasa hivi, niko kivulini sijanywa hata maji, mkono unatetemeka kwa hiyo mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Mods msiunganishe na ule uzi wa ajira za afya, hauhusiani.

Mnamjua. Sitaji chuo sitaji jina, ila kama ulisoma unesi kanda hii na ukawahi kufuata karatasi yako yoyote utakuwa umeshamjua, yule wa miwani ya kamba anayekaa na kabati la mafaili, anayejibu "mfumo uko chini" hata ukimuuliza choo kiko wapi.

Nimetoka Kigoma na treni, usiku kucha nimebanana na madumu ya mawese ya watu, shida yangu moja tu, chuo kinijazie fomu ya CGFNS, wale wakaguzi wa masomo ya manesi wa nje wanaotaka Marekani (siku hizi wanajiita TruMerit). Kwa msiojua, ukitaka kufanya NCLEX, ule mtihani wa leseni, uwe nesi Marekani, majimbo mengi yanataka kwanza masomo yako yakaguliwe, na wakaguzi hawataki karatasi iliyopita mkononi mwako. Chuo ndo kinajaza, masaa ya darasani na masaa ya wodini, kila fani kivyake, wazazi, watoto, upasuaji, magonjwa ya akili, kinagonga muhuri kinatuma chenyewe. Ndo hicho tu nilichokuwa naomba. Na hela ya posta natoa mimi!

Nikaamkia shikamoo. Kimya, anamenya embe. Nikaamkia tena, akanyoosha mkono ule ule wa embe akachukua fomu akaanza kuisoma KWA SAUTI kama anatangaza msiba, jina langu, mwaka niliozaliwa, kila kitu, na foleni yote ya watoto wa mwaka wa kwanza imetega masikio. Alipofika kwenye neno Marekani akavua miwani. Akanitazama kuanzia viatu, vumbi la Tabora yote liko pale, akapanda mpaka kwenye mtandio, akamwita mwenzie wa chumba cha pili: "Njoo umuone na huyu, eti anaenda Marekani. Kwani Wamarekani wameishiwa watu?"

WAMEISHIWA WATU.

Watoto wakacheka jamani. Watoto ambao kesho kutwa wanakuja wodini kwangu kujifunza kutafuta mshipa. Mimi nimezalisha kwa tochi ya simu iliyobaki asilimia nne, nimeshika mwenge wa zamu ya usiku peke yangu na wodi imejaa mpaka chini, leo mtu anachokonoa nyuzi za embe kwenye meno ananiuliza kama Wamarekani wameishiwa watu.

Nikameza. Nikamwonyesha pale pa masaa ya wodini, akasema masaa yepi, si mlikuwa mnakaa kwenye benchi mnachati. Halafu akaikunja fomu mara nne, NNE, akanirudishia: "Jaza mwenyewe, piga picha, warushie hao Wamarekani wako kwa WhatsApp." Nimeikunjua hapa nje, pale pa kugonga muhuri pana dole gumba la embe, la njano kabisa, mistari yote inaonekana. Hata polisi hawapati alama safi hivyo. Ndo muhuri niliopewa.

Wameishiwa watu! Mama mzima! Nimekaa.

---

Mwana wa Gungu: Embe mwezi huu zimetoka wapi? Chai hii.

Mleta uzi: Nenda kamuulize yeye, ukirudi salama uje utusimulie.

Sista Zamu Mbili: Hahahaa nimecheka kwa uchungu, ni yeye, kamba ya miwani ni ya kijani? Mimi alinipa transkripti ya mtu mwingine, namwambia mama hili sio jina langu akasema "si mlimaliza mwaka mmoja". Halafu kasheshe nyingine ni majina, cheti cha fomu foo nina mawili, leseni matatu, pasipoti matatu ila la katikati limeandikwa kivingine. Nimeenda kula kiapo mpaka hakimu ananijua kwa sura. We wa embe una nafuu sana dada.

Mtu wa Ipuli: Umechekwa tu na unalia, NCLEX itakufanyaje? Ile kompyuta inakupangia swali kutokana na ulivyojibu la nyuma, inaweza kukuzimikia kwenye la 85 au ikuburuze mpaka 150, masaa matano umekodoa macho. Zoea kwanza kudharauliwa na binadamu.

Mleta uzi: Kompyuta haimenyi embe.

Bakari Sindano: Ushauri wa bure, hiyo fomu masjala hawajazi, mpelekee mkuu wa idara, yeye ndo ana mtaala wenye masaa. Na print nyingine mpya, hiyo yenye embe kafungie vitumbua.

Mleta uzi: Mkuu wa idara yuko semina Dodoma. Na aliyeniambia yuko semina ni nani? NI YEYE YULE.

Bakari Sindano: Basi pole, hapo Mungu tu.

Kibirizi to London: Mnahangaika na Marekani ya nini, fomu ipite, mtihani upite, halafu ukae kwenye foleni ya EB-3, ile visa ya ukaazi kwa kazi, mpaka mtoto wako naye aanze unesi. Njooni Uingereza. IELTS, mtihani wa Kiingereza, upate 7 kusoma, kusikiliza na kuongea, kuandika 6.5 wanakupokea, CBT, mtihani wa kompyuta, unafanya hata ukiwa nje ya Uingereza, OSCE ya vitendo ndo unaifuata kule kule. Fasta.

Sista Zamu Mbili: Na wewe uko London sehemu gani?

Kibirizi to London: Niko Uvinza kwa sasa. Kuandika nilipata 6.

Mtu wa Ipuli: 😂😂😂😂 uzi ufungwe

Mama Wawili Kasulu: Wenzenu tunakimbilia Saudia, huko ni DataFlow ya kuhakiki vyeti na mtihani wa Prometric, ila na wenyewe lazima waulize chuo kama kweli ulisoma. Sasa nani anajibu hiyo barua pepe pale chuoni? Mmoja tu. Anasema barua pepe ziko chini.

Mleta uzi: Jamani mnakwepa pointi. Mbele ya FIRST YEAR. Ameniuliza kama WAMEISHIWA WATU.

Mwana wa Gungu: Tumesikia dada. Mimi jambo linaloniuma leo ni mabasi. Nimemtumia shemeji migebuka kutoka hapa Kigoma kwenda Tabora, boksi limefungwa kamba, gundi, nimeandika na jina, limefika vichwa vitupu. Yaani mtu kakaa njiani anakata kiwiliwili anarudisha kichwa.

Bakari Sindano: Hiyo wananifanyia kila mwezi! Ila konda anasema ni panya.

Mama Wawili Kasulu: Panya gani anafunga kamba tena?

Sista Zamu Mbili: Makosa yenu mnatuma wa kukaanga, harufu inaita. Tuma mkavu.

Mwana wa Gungu: Mgebuka mkavu apelekewe Mnyamwezi? Si atasema nimempelekea kuni.

Mtu wa Ipuli: Wewe tutake radhi, sisi ndo tunaowapa asali. Kwanza hivyo vichwa unaviuzaje?