Tupeane uzoefu: Kwenda China na familia kutafuta kijiji cha babu

Mizizi ya Kusini:
Wakuu, uzi huu ni wa wale ambao mzee wao alitoka kusini mwa China akashukia Unguja kufanya biashara ya majongoo ya bahari, au Mauritius na Réunion kufungua duka, au Marekani na Kanada kujenga reli. Habari za Pate, Siyu na merikebu za kale za Wachina zina uzi wake. Hapa tunazungumzia vizazi vitatu au vinne, ambavyo karatasi zake bado zinapatikana.

Naanza na lililo kubwa kuliko yote. Usikate tiketi kabla hujapata jina la mzee kwa herufi za Kichina na jina la kijiji chake. Jina la kwenye pasipoti halitoshi. Herufi 陳 Mkantoni wa mkoa wa Guangdong huitamka Chan, Mhokkien wa mkoa wa Fujian Tan, na kwa Kimandarini, lugha ya taifa, ni Chen. 黃 ni Wong, Ng au Huang. Karani wa bandarini aliandika alivyosikia. "Ah" mwanzoni mwa jina ni namna ya kumwita mtu kwa ukaribu, haitaji ukoo. Na Mauritius jina zima la babu mara nyingi limegeuka jina la ukoo la wajukuu, kwa hiyo ukoo wenyewe huwa umefichwa kwenye silabi ya kwanza tu.

Herufi zitafute kwanza kwenye jiwe la kaburi. Husomwa toka juu kwenda chini, safu ya kulia ikitangulia. Safu ya katikati kwa kawaida ni jina, za pembeni hutaja wilaya, kijiji na tarehe. Lipige picha jua likiwa pembeni ili maandishi yatoe kivuli. Usilisugue kwa brashi ya waya, herufi zitakwenda nayo. Baada ya hapo fungueni masanduku: migongo ya picha, mihuri, na hasa bahasha za barua zilizopelekwa pamoja na fedha nyumbani. Barua hizo huitwa qiaopi, na mwaka 2013 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Bahasha moja yaweza kuwa na anwani kamili ya kijiji.

Karani Mstaafu:
Naongezea kwa familia za Marekani. Sheria ya kuwazuia Wachina ilidumu toka 1882 hadi 1943, na kwa sababu yake kila aliyeingia alihojiwa. Walioshukia San Francisco kati ya 1910 na 1940 walihojiwa kisiwa cha Angel, na majalada mengi yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, tawi la San Bruno. Humo mtu aliulizwa nyumba yao ni ya safu ya ngapi, kisima kiko wapi, jirani ni nani. Majalada mengine yana hata ramani ya kijiji iliyochorwa kwa mkono.

Tahadhari sasa. Tetemeko na moto wa 1906 viliteketeza kumbukumbu za mji ule, na wengi wakaingia kama watoto wa karatasi, yaani kwa jina la kununua, wakidai ni watoto wa Mchina aliyekwisha kuwa raia. Jina la jalada likipingana na la kaburi, lifuateni la kaburi. Ukweli mara nyingi uliandikwa pale, kwa Kichina, ambapo afisa hakuweza kuusoma.

Jani la Chai:
Tarehe zinawapoteza watu sana. Mwaka ulioandikwa kwa utawala wa mfalme Guangxu ongeza 1874, kwa hiyo Guangxu 26 ni 1900. Mwaka wa Jamhuri, Minguo, ongeza 1911. Umri wa jadi huanzia mwaka mmoja siku ya kuzaliwa na huongezeka mwaka mpya, hivyo punguza mmoja au miwili. Mwezi na siku kwa kawaida ni za kalenda ya mwezi mwandamo.

Halafu "kijiji" kina maana mbili. Kuna kijiji cha asili, nyumba kadhaa za ukoo mmoja, na kijiji cha kiutawala, kinachokusanya vijiji vya asili vingi chini ya ofisi moja. Kaburi hutaja cha kwanza, ramani ya simu mara nyingi huonyesha cha pili. Majina ya wilaya nayo yamebadilika: Taishan iliitwa Xinning hadi 1914, na Meixian, walikotoka Wahakka (jamii ya Wachina wa kusini) wengi wa Mauritius, enzi za wafalme ilikuwa Jiaying.

Ukishapata hayo, andika barua ya ukurasa mmoja kwa Kichina kwa Qiaolian ya wilaya, shirika linaloshughulikia Wachina wa ng'ambo. Weka jina, majina ya ndugu zake, mwaka alioondoka, alikokwenda, na picha. Ipeleke miezi mitatu kabla ya safari.

Abiria:
Kwa ufupi. Toka stesheni ya Guangzhou Nan ("nan" ni kusini) kuna treni ya kwenda stesheni za Taishan na Kaiping Nan, reli iliyofunguliwa 2018. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla na pasipoti ndiyo tiketi yenyewe. Google haifunguki, pakueni Amap, programu ya ramani. Alipay, programu ya kulipia kwa simu, iunganishe na kadi ya benki na uthibitishe pasipoti mkiwa bado nyumbani. Mkilala kwa ndugu badala ya hoteli, lazima mjiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Sikukuu ya Qingming, tarehe 4 au 5 Aprili kwa kawaida, ndiyo siku ya kufagia makaburi. Ukoo wote huwepo, lakini treni hujaa na mvua ni nyingi. Mkiwa na wazee na watoto, nendeni wakati wa Chongyang, siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda yao, kwenye Oktoba. Guangdong watu huzuru makaburi hata siku hiyo.

Mkalimani wa Taishan:
Mkalimani wa Kimandarini peke yake hatoshi. Wazee wa Taishan wanazungumza Kitaishan, wa Meixian Kihakka. Ombeni ofisi ya kijiji iwatafutie mwalimu mstaafu.

Mkifika, jambo la kwanza kutamka ni kwamba mmekuja kumheshimu mzee na hamna dai la nyumba wala shamba. Nyumba nyingi za waliohama zinakaliwa na jamaa waliobaki, na mgeni anayepima kuta kwa macho kabla ya salamu huwatia hofu. Milango ikifungwa siku ya kwanza, chanzo mara nyingi ni hicho. Bebeni matunda na bahasha nyekundu zenye noti mpya, kiasi kisicho na namba 4 ndani yake, kwao ni ya nuksi. Saa ya ukutani msitoe kamwe, kwao zawadi hiyo inanukia mazishi.

Bibi Shamsa:
Sisi Waislamu kaburini tufanyeje? Nasikia kuna nguruwe.

Mkalimani wa Taishan:
Ndiyo, Guangdong nguruwe mzima wa kuchoma ni kawaida, pamoja na kuku, vikombe vitatu vya pombe na vijiti vya udi. Semeni mapema, kabla hawajaagiza, kwamba mtaleta matunda na maua. Chukueni jembe na mundu, ng'oeni majani, futeni jiwe. Kulisafisha kaburi ni heshima inayotambuliwa na kila mtu pale, na hakuna atakayewalazimisha kusujudu. Moto na fataki ulizeni kwanza, maana sehemu nyingi za milimani vimepigwa marufuku kwa hofu ya kuunguza misitu.

Mizizi ya Kusini:
Kitabu cha ukoo, chenye orodha ya vizazi vyake, tusikisahau. Vingi vilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, ila baadhi vilifichwa au vimeandikwa upya. Piga picha kila ukurasa ukianza na jalada, usiruke utangulizi, kwa sababu ndimo lilimo shairi la vizazi: kila kizazi kina herufi yake katika jina, na kwayo unajua wewe ni wa ngapi. Wanawake wengi wameandikwa ukoo wao tu, bila jina. Kumpata bibi itabidi kwenda kijiji alikozaliwa.

Na kabla hamjaondoka, mwachieni mtunzaji wa kitabu hicho karatasi yenye majina ya familia yote kwa herufi, tarehe za kuzaliwa na nchi mnayoishi. Waandikeni na mabinti. Matoleo mapya mengi yanawapokea, ila lazima mtu awapeleke.