Baba mwoka mikate wa CLANNAD

Shangazi Mwanaidi: Assalamu alaykum, wanangu. Jana usiku nimemaliza sehemu ya kwanza ya CLANNAD, ile anime, yaani katuni ya Kijapani. Nilidhani ningewalilia wahusika wakuu, Tomoya na Nagisa, kumbe aliyenitoa machozi ni Akio, baba yake Nagisa, yule mwoka mikate. Imekuwaje mhusika wa pembeni akapewa uzito wote huo?

Salim: Wa alaykumu salaam, shikamoo Shangazi. Kisa hiki kilitolewa na Key, watengeneza michezo wa Japani, mwaka 2004 kikiwa riwaya ya kuchezwa kwenye kompyuta, ambamo msomaji huchagua la kutenda, na chaguo zake humfikisha kwa msichana huyu au yule. Wasichana hupokezana nafasi ya mbele, ila marafiki na wazazi hubaki. Studio ya Kyoto Animation walipoifanya anime mwaka 2007, walishika njia ya Nagisa na kuzisuka nyingine ndani yake, na hapo watu kama Akio na Sunohara, rafiki yake Tomoya, ndio walioshikilia kisa kisitawanyike. Si kila anime ya aina hii hufanikiwa: katika Kanon ya 2006, ya studio hiyohiyo, Kitagawa, rafiki wa mhusika mkuu Yuichi, hutaniana naye kidogo darasani, basi.

Rehema: Shikamoo Shangazi. Mimi namtetea Sunohara, kwa sababu wengi humwona kichekesho tu. Alifukuzwa timu ya soka kwa kupigana, na Tomoya naye aliacha mpira wa kikapu kwa kuumia bega, kwa hiyo urafiki wao ni wa vijana wawili waliopoteza kitu kilekile. Katika sehemu ya pili, Mei, mdogo wake, anaiomba timu imrudishe kaka yake, na wale wachezaji wanamkimbiza kuokota mipira huku wakimcheka, mpaka Sunohara anapotokea. Hapo hachekeshi hata kidogo.

Shangazi Mwanaidi: Nitamtazama kwa jicho hilo, mwanangu. Lakini Akio! Binti amesimama jukwaani analia, hawezi kutamka neno, kwa kuwa amejua kwamba baba aliacha uigizaji na mama akaacha ualimu ili wamlee yeye. Mara baba anaingia ukumbini na kumpigia kelele mbele ya watu wote kwamba ndoto yao sasa ni kumwona yeye akitimiza yake. Marehemu baba yetu alikuwa na sauti ya namna hiyo.

Salim: Ni kweli, Shangazi. Nami nilimkumbuka Babu palepale.

Shangazi Mwanaidi: Leo baada ya isha naanza sehemu ya pili. Tafadhali mtu asinidokeze lolote la mbele.