Twilight Zone yenye sumaku tatu: ni ya majaribio?

Wakuu, nimekuta pinboli (mashine ya kuchezea mipira ya chuma) ya Twilight Zone (Bally, 1993). Njia ya mzunguko ina sumaku 3 badala ya 2, na chipu ya programu imeandikwa P-3. Ni ya majaribio kweli, yaani iliyoundwa kabla ya zile za kuuzwa?

— P ni toleo la majaribio, L la kawaida. Ila chipu hubadilishwa fasta tu, usiitegemee.

— Sumaku ya tatu nayo mafundi huiongeza, maana programu ya kawaida bado inaikubali. Zima umeme, toa mipira yote 6 (mmoja ni wa kauri, ukidondoka unamegeka), inua ubao wa kuchezea. Angalia nyaya: za kiwandani zimo ndani ya fungu kuu la nyaya, za kuongezwa hupita pembeni, solda yake inang'aa.

— Mkuu, tupia picha ya tundu la sumaku ya tatu, kwa chini ya ubao.