Mrejesho: oktava ilikuwa ikibabaika, sasa imetulia

Shukran ndugu zangu. Niliuliza kuhusu pedali za gitaa langu la besi: kwa nini oktava (inayoongeza noti ya chini zaidi) inababaika, kwa nini uzito wa besi unapotea distoshoni (inayokwaruza sauti) ikikanyagwa, na mvumo unatoka wapi. Mpangilio wa sasa: gitaa, tyuna, oktava, kompresa (inayosawazisha nguvu ya sauti), distoshoni, korasi (inayotanua sauti), ampli.

Awali oktava ilikaa baada ya distoshoni, ikipokea sauti iliyojaa mawimbi ya ziada, haitambui noti ya msingi ni ipi. Huku mbele inapata sauti safi. Uzi wa E, ule mnene zaidi, bado unayumba kidogo. Hapo piga noti moja moja, karibu na shingo. Kompresa iko uwiano wa 4:1 (sauti ikizidi kikomo kwa desibeli 4, hutoka 1 tu), ikibana desibeli 3 hadi 6 tu. Distoshoni ichanganye nusu kwa nusu na sauti safi, maana hiyo safi ndiyo inayobeba uzito wa chini.

Ule mvumo, lo, haukuhusu mpangilio kabisa! Adapta moja ya volti 9 ililisha pedali zote, na korasi ya dijitali ikachafua umeme wa wenzake. Imepewa adapta yake, yenye ncha hasi katikati ya plagi, na sasa kimya. Mikwaruzo iliyobaki ni kutu ya jeki (tundu la waya), chumvi ya upepo wa bahari hapa Nyali, Mombasa. Spiriti kidogo kwenye pamba, futa plagi, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, umeme ukiwa umezimwa.