Mafundi acheni kukaza waya, hendibreki hairekebishwi hivyo!

Wakuu, nina hasira na naandika nikiwa nazo.

Nimebadilisha diski na pedi za nyuma kwenye Toyota Prado yangu, ile ya toleo la 120, hapa Mwanza. Vifaa vipya nimenunua mwenyewe, ufundi nimelipa wote. Gari limetoka gereji breki ya mguu iko safi, hendibreki imekufa, wakati liliingia ikiwa inashika vizuri tu! Nakaa kilimani, wanaoijua Bugando watanielewa. Navuta mkono mpaka mwisho, gari linaserereka.

Narudi. Fundi anakaza nati ya waya pale kwenye mkono, "tayari bosi". Haikumaliza wiki, yale yale. Narudi tena naambiwa: "Bosi, hii si otomatiki? Weka P, tafuta na jiwe." Jiwe! Nyuma ya gari langu watoto wa majirani wanacheza.

Hiyo P ni kipande cha chuma ndani ya giaboksi kinachoingia kwenye meno ya gia. Si breki. Lilaze gari la karibu tani mbili juu yake kila usiku, asubuhi ukitoa P utausikia ule mshindo.

Kwenye gari hili hendibreki haitumii pedi kabisa. Katikati ya diski ya nyuma pamebonyea kama bakuli, ndani yake kuna viatu vidogo vya breki; ukivuta mkono, waya unavitanua vibane ukuta wa hilo bakuli. Diski kuukuu ikigoma kutoka kwa sababu ya ukingo wa kutu, fundi analegeza adjasta ya viatu, kile kigurudumu cha meno kinachovisogeza karibu au mbali na bakuli, ndipo aichomoe. Sawa, ni haki yake. Ila akifunga mpya harudishi! Viatu vinabaki mbali, unavuta waya wee, havigusi chochote. Ukikaza waya juu ya hali hiyo, vile vikono vya ndani vinavyovutwa na waya kutanua viatu vinakaa vimevutwa nusu, viatu havirudi mahali pake, na upande mmoja ukianza kukwaruza unachemka mpaka unaisha.

Kazi yenyewe iko hivi. Waya unalegezwa KWANZA. Inua nyuma, toa tairi, shikiza diski kwa nati mbili. Usoni mwa diski kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Lizungushe likutane na adjasta, ingiza bisibisi, sogeza meno mpaka diski igome kuzunguka, kisha rudisha meno manane, ndivyo vitabu vya Toyota vinavyoelekeza kwa breki za aina hii. Diski izunguke bila kukwaruza. Pande zote mbili. Waya unaguswa mwisho kabisa. Halafu viatu vinakalishwa, yaani vinasuguliwa kidogo vishike vizuri: barabara tambarare, kavu, haina watu, mwendo wa 50 hivi, umebonyeza kitufe cha mkono unavuta kidogo kwa kama mita 400, unaacha vipoe, unarudia.

Na kabla ya yote angalia sili ya ekseli, ule mpira unaozuia oili isivujie kwenye breki. Viatu vikishalowa oili ya difu, kaza usikaze ni bure.

Bisibisi moja na subira, basi. Sasa gereji ileile inataka hela nyingine ya "kuseti hendibreki" waliyoilegeza wenyewe. Silipi. Nani anamjua fundi hapa Mwanza anayefungua hicho kizibo? Na aliyewahi kudai hela yake irudi kwa kazi ya namna hii, alianzia wapi?