Naomba ushauri: Tabora hadi Ujiji kwa baiskeli na familia, likizo ya Juni

Baba Watatu: Wakuu, habari za jioni. Likizo ya Juni nataka kwenda Ujiji kwa mama mzazi, mimi, mke wangu na watoto watatu, kwa baiskeli. Njia ni Urambo, Kaliua, Malagarasi, Uvinza, zaidi ya kilomita 400. Swali langu ni moja: tuchukue baiskeli za gia au hizi ngumu za keria? Silali vizuri kwa kuwaza.

FundiKiloleni: Mkuu, ngumu. Gia ikikorofisha porini nani ataigusa? Ngumu ina fundi kila kijiji. Beba spoku, tyubu mbili, viraka, solesheni, pampu na spana 15. Mimi nilishawahi kutoka Urambo na magunia mawili ya mkaa, tyubu ikapasuka nje ya mji na sina kiraka. Nikakata nyasi, nikazishindilia ndani ya tairi mpaka likawa gumu, nikaingia Tabora saa nne usiku.

Mwisho wa Reli: Ndorobo, yaani mbung'o, hamjawataja. Msivae bluu wala nyeusi. Mitego ya mbung'o ni vitambaa vya rangi hizohizo, na mdudu yule hufuata kitu kinachotembea. Ugonjwa wa malale kule upo kweli.

Shemeji Urambo: Baiskeli nne, mtu ananyonga siku nzima, halafu usiku mama watoto ndiye apike. Mke wako muombee.

Mama Wawili: Watoto wana miaka mingapi? Mbona umeruka hapo?

Baba Watatu: 13, 11 na 5. Huyo mdogo nambeba mimi.

Mama Wawili: Afya yake?

Baba Watatu: Anaendelea vizuri.

Mama Wawili: Sijauliza anaendeleaje. Ana nini?

Baba Watatu: Siko seli. Lakini kliniki hakosi, vidonge vya foliki anameza kila asubuhi, na tangu Januari hajalazwa. Kiti chake nimeshakichomelea kwenye keria, kina mkanda na kivuli cha turubai. Atakuwa amekaa tu, mimi ndiye nanyonga. Na likizo nimeshaomba kazini.

Mama Wawili: Baba, wa kwangu wa pili anayo. Mwaka juzi tulichelewa basi, akakaa juani bila maji ya kutosha, usiku akaanza kulia magoti. Tulilazwa siku tisa. Maji yakipungua mwilini maumivu yanakuja, baridi ikimpiga yanakuja, na usiku wa Juni huko unaujua. Malaria kwake si homa ya kawaida. Likimkuta kati ya Kaliua na Uvinza, unamkimbiza wapi na baiskeli?

Shemeji Urambo: Wazee wetu walitembea mpaka pwani na mizigo kichwani.

Mama Wawili: Hawakubeba mtoto wa siko seli.

Mnyenyekevu: Hii ni chai. Treni ipo, nani atanyonga kilomita 400? Halafu Februari kwenye uzi wa ada ulisema una watoto wawili. Leo watatu?

FundiKiloleni: Eeh, mleta mada ajibu.

Baba Watatu: Wa miaka 13 ni wa dada yangu. Tulimzika dada mwezi Machi, mtoto yuko kwangu. Hajaongea sana tangu hapo, ila jioni anatoa baiskeli anamsukuma mdogo wake uani. Yule mdogo anapiga kengele mpaka majirani wanacheka. Mtaani wenzake humwambia wewe mgonjwa, huwezi safari. Ndiyo nikasema tutakwenda wote, na bibi yao atawaona wakifika kwa baiskeli.

Mnyenyekevu: Pole kaka. Nimekosea, nisamehe.

Mwisho wa Reli: Basi sikiliza. Pandeni treni, baiskeli zipakieni kama mizigo. Mkishuka Kigoma, nyongeni hadi Ujiji. Ni mwendo mfupi, hauzidi kilomita 10. Ondokeni asubuhi jua halijakaza, mpite ile miembe ya zamani. Bibi atawaona mkifika kwa baiskeli, kama ulivyotaka.

Mama Wawili: Daktari wake umemwambia?

Baba Watatu: Bado. Niliogopa atakataa. Kliniki ni Alhamisi, nitamwambia yote. Fundi, nati za kile kiti zinafunguka kwa spana 15 hiyohiyo? Kama ni treni itabidi nikivue.

FundiKiloleni: Hizo mara nyingi ni 13. Pita bandani kwangu nikuazime.