Mjadala: Kijana wa Kihindu anayehoji imani afundishweje falsafa ya dini yake?

Mleta mada

Wadau, mwaka 2022 serikali ya jimbo la Gujarat, India, ilitangaza kwamba Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu ambamo Krishna anamfundisha shujaa Arjuna, itaingizwa katika masomo ya darasa la 6 hadi la 12. Walioshangilia walisema watoto watapata maadili na kuujua urithi wao. Waliopinga wakashika Katiba, ibara ya 28, inayokataza mafundisho ya dini katika shule zinazoendeshwa kwa fedha za serikali tupu. Mahakama ya Juu ya India ilikwisha kusema mwaka 2002 kwamba kusoma habari za dini kama elimu ni jambo moja na kufundishwa dini ni jambo jingine, lakini mpaka wenyewe bado kila mtu anauvutia upande wake.

Sheria nawaachia wanasheria. Anayenishughulisha mimi ni kijana aliyelelewa katika nyumba ya Kihindu, sasa ana miaka kumi na sita, anauliza: kwa nini niamini? Nyumbani anajibiwa kwamba ndivyo walivyofanya babu zake. Shuleni anapewa beti akariri, na mtihani ukishapita anazisahau. Msimamo wangu ni kwamba kijana huyu afundishwe falsafa ya Kihindu kwa kina, ila aikute jinsi ilivyo, yaani mabishano ya karne nyingi, na wale waliokana wakiwemo. Ukimfichia upande mmoja wa mabishano hayo unamdanganya, na siku akigundua hatakuamini tena hata kwa lile la kweli.

Chukueni Katha Upanishad, mojawapo ya maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu. Nachiketa ni mtoto tu. Baba yake anatoa sadaka ya ng'ombe, na mtoto anawatazama wale ng'ombe wakipita: maji yao wamekwisha kunywa, majani yao wamekwisha kula, maziwa yamekwisha kukamuliwa, kuzaa hawazai tena. Anaona sadaka ile haina maana. Anamuuliza baba: na mimi utanitoa kwa nani? Baba kimya. Anauliza tena, kimya. Mara ya tatu baba anapandwa na hasira: nakutoa kwa Mauti! Mtoto anakwenda kweli. Anamkosa Yama, ndiye Mauti mwenyewe, anamsubiri usiku tatu bila kula, na Yama aliporudi anamruhusu aombe mambo matatu. La tatu ndilo zito: mtu akifa, wengine husema yupo, wengine husema hayupo, nataka kujua. Yama anamsihi aombe kingine, maana hata miungu walikuwa na shaka juu ya hilo. Anamtajia farasi, tembo, dhahabu, umri mrefu. Nachiketa anakataa vyote. Ndipo Yama anamsifu na kusema anatamani kupata waulizaji wa aina yake.

Mwalimu akishasoma kisa hicho darasani, sioni atapata wapi ujasiri wa kumwambia mwanafunzi kwamba kuuliza ni utovu wa adabu.

Wala si kisa kimoja. Wimbo wa 129 katika kitabu cha kumi cha Rigveda, mojawapo ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, unauliza ulimwengu ulitoka wapi, na unamalizia kwa kusema kwamba yule autazamaye kutoka mbingu ya juu kabisa ndiye ajuaye, au pengine hata yeye hajui. Tazameni na madhehebu ya falsafa: Sankhya ya kale inaeleza ulimwengu kwa nafsi na maada, bila Mungu muumba. Mimamsa, ambao ni watetezi wakali wa Veda, nao walimkataa muumba. Upande wa pili Nyaya, mabingwa wa mantiki, walisimama kumtetea, na Udayana akaandika kitabu kizima, Nyayakusumanjali, kujibu wapinzani hoja kwa hoja. Charvaka wao walikana Veda na maisha baada ya kifo. Karibu maandishi yao yote yamepotea, tunawajua zaidi kupitia vitabu vya mahasimu wao (na mwalimu mwaminifu lazima aliseme hilo). Hata hivyo Madhava, alipokusanya mafundisho ya madhehebu mbalimbali katika karne ya 14, aliwaweka hao hao Charvaka sura ya kwanza.

Ndiyo desturi ya wanafalsafa hao: eleza kwanza hoja ya mpinzani wako, kisha ijibu. Hiyo ndiyo ninayotaka iingie darasani. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, heshima yako, lakini unampa mtoto shaka kabla hujampa msingi. Gita yenyewe, sura ya 4 ubeti wa 40, inasema asiye na imani, mwenye moyo wa shaka, huangamia. Elimu ya Upanishad ilitolewa na guru, mwalimu wa kiroho, kwa mwanafunzi aliyekwisha kujitawala, haikumwagwa kwa darasa zima. Hata Gargi, yule mwanamke msomi katika Brihadaranyaka Upanishad, alipozidi kumbana mwalimu Yajnavalkya barazani aliambiwa asiulize kupita kiasi, kichwa chake kisije kikaanguka.

Halafu umesahau kwamba watu wengi wanaishi dini hii kwa ibada, kwa nyimbo, kwa kumpenda Mungu wao. Mtoto aonje hilo kwanza. Hoja za Sankhya zitamngoja chuo kikuu.

Mchangiaji wa pili

Mimi napinga kwa sababu tofauti. Mnazungumza kana kwamba swali la kijana ni Mungu yupo au hayupo. Vijana wengi wanauliza kwa nini dini iliwagawa watu kwa kuzaliwa. Uhuru wa kuhoji mnaousifu ulikuwa wa nani? Manu, katika kitabu cha sheria kiitwacho Manusmriti, sura ya 2 ubeti wa 11, anaagiza kwamba anayeidharau Veda kwa kutegemea mantiki afukuzwe na watu wema. Mwanafalsafa Shankara, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Brahmasutra, anakubali kwamba Shudra, mtu wa tabaka la chini, asiisikilize hata Veda yenyewe. Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, watu waliotengwa kama najisi, pamoja na wenzake waliichoma Manusmriti katika mji wa Mahad tarehe 25 Desemba 1927, na tarehe 14 Oktoba 1956 yeye na umati mkubwa waliingia Ubudha huko Nagpur. Mtamfundisha Mdalit Nachiketa na kunyamaza kuhusu hayo?

Mleta mada

Ndugu mchangiaji wa kwanza, kisa cha Gargi hakiishii hapo. Anarudi mbele ya baraza lile lile, anauliza maswali mengine mawili, anajibiwa, na ni yeye anayewatangazia Wabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, kwamba hawatamshinda Yajnavalkya. Na Gita unayoitaja, beti sita tu kabla ya huo wako, inamtaka mtu ajifunze kwa unyenyekevu na kwa kuuliza. Kisha katika sura ya 18, baada ya mafundisho yote, Krishna anamwambia Arjuna ayatafakari kikamilifu, halafu afanye apendavyo. Ibada siipingi hata kidogo. Ila kijana ninayemsemea ameshalelewa ndani yake, na maswali yamekuja vilevile.

Mchangiaji wa pili, sinyamazi, na Manu 2:11 iwekwe mezani pamoja na Upanishad, na Ambedkar asomwe kwa maneno yake mwenyewe. Kijana akifundishwa mantiki ya Nyaya vizuri, anajua kupima dai: kilima kile kina moto, kwa sababu kina moshi, na penye moshi pana moto, kama jikoni. Kisha anajua kuuliza sababu iliyotolewa inashikamana kweli na dai, au imebandikwa tu. Akishika chombo hicho, mwacheni akipeleke kwenye dai kwamba mtu huzaliwa najisi, aone kama kuna ushahidi wowote unaolibeba. Ninapotofautiana nawe ni hapa: Mdalit anayetaka kuikataa falsafa hii ana haki ya kuijua kwanza yote, maana hata Ambedkar aliyasoma maandiko hayo kwa undani kabla ya kuyakataa.

Linaloniumiza kichwa zaidi, na naomba mlijibu wote wawili, ni nani atafundisha. Kuhani wa hekaluni ana maandiko lakini ana ofisi ya kulinda. Mwalimu wa historia yuko huru kidogo, ila wengi hawajawahi kufungua hata ukurasa mmoja wa Nyaya. Nyie mngemwamini nani na mtoto wenu?